Nchi Ambamo Ini Hukaa Kushoto

Si zamani za kale; wino wa hadithi hii bado haujakauka. Palikuwa na nchi ambayo jina lake nitalimeza, kwa kuwa wananchi wake ni wepesi wa kujitambua na wakubwa wake ni wepesi wa kununa. Ilikuwa na bendera, wimbo wa taifa wenye beti kumi na moja, na Chuo Kikuu kimoja kilichojengwa juu ya kilima ili elimu ikifurika iteremke yenyewe hadi kwa wananchi. Mifereji ya kuipokea ilichimbwa mapema. Mpaka leo ni mikavu, lakini hufagiliwa kila Jumamosi.

Juu ya kilima hicho alisoma Asteria Lumambo, binti wa mama fundi cherehani. Alisoma Afya ya Mazingira kwa sababu moja tu. Mdogo wake Kalisti alikufa kwa kuhara akiwa na miaka minne, na siku ya matanga mama yao alisema, laiti angekuwepo mtu wa kuyatazama yale maji ya kisima. Asteria alitaka kuwa huyo mtu wa kutazama.

Somo kubwa la Kitivo chake liliitwa Vitendo kwa Nadharia. Kifaa cha kupimia maji kilikuwepo, tena kipya, ndani ya kabati la kioo, kikimsubiri Mheshimiwa Waziri aje akizindue. Mawaziri sita walikuwa wamepita bila kupata nafasi, kwa hiyo wanafunzi walijifunza kupima maji kwa kukitazama kifaa na kuandika wanachodhani kingesema. Kilikuwepo pia choo bora cha mfano, chenye vigae, bomba la hewa na mlango wa mninga. Kilitiwa kufuli kisije kikachafuliwa, na wanafunzi waliokwenda kukipima urefu na upana walijisaidia vichakani wakati wa kurudi.

Lakini fahari ya Kitivo ilikuwa ng'ombe. Ng'ombe mwenyewe alikuwa wa slaidi. Aliletwa kutoka ng'ambo miaka ishirini na saba iliyopita pamoja na projekta yake, akachomekwa na tarishi siku hiyohiyo, kisha Ofisi ya Mali ikambandika lakiri ya serikali asije akaibiwa. Kwenye daftari la mali aliandikwa: ng'ombe mmoja, wa kioo, mzima. Taa zikizimwa alitokea ukutani amepasuliwa kuanzia koo hadi mkia, viungo vyake vimepakwa rangi, na Profesa Ndimbo akavigusa kimoja kimoja kwa fimbo yake ndefu.

"Ini liko wapi?" aliuliza Profesa.

"Kushoto!" liliitikia darasa.

"Tumbo kubwa?"

"Kulia!"

Mwaka mmoja kijana fulani, mtoto wa wafugaji, aliinua mkono akasema kwao ini la ng'ombe huwa kulia. Profesa, mtu mpole sana, alimuuliza ng'ombe wa kwao ana shahada gani. Muhula uliofuata kijana yule alihamishiwa Kitivo cha Mashairi, ambako kitu chochote kinaruhusiwa kukaa upande wowote.

Asteria hakuuliza maswali ya aina hiyo. Alimnakili ng'ombe yule kwenye karatasi nyembamba ya kuangaza, inayopitisha mwanga, mshipa kwa mshipa, akamkariri kama sala. Katika mtihani wa mwisho aliandika kurasa kumi na mbili juu ya kimeta, ule ugonjwa wa mifugo unaoua na watu, bila kuinua kichwa. Alitoka wa kwanza. Kimeta chenyewe hakuwahi kukiona, wala ng'ombe aliyefunguliwa hakuwahi kumwona, lakini ndio utaratibu. Hata Profesa hakuwahi.

*

Alikula kiapo cha kulinda afya ya taifa, akapewa koti jeupe, muhuri wa nyama na chupa ya wino wa zambarau, akapelekwa mji wa Chemchemi Kavu kuwa bibi afya. Miezi sita ya kwanza ingekuwa ya majaribio. Ikiisha, Mkurugenzi wa Mji, Mheshimiwa Bakilana, angemwandikia barua ya kuthibitishwa kazini. Asipoandika, Asteria angerudi nyumbani na koti angeliacha. Mama yake alikuwa ameshashona gauni la kuipokelea barua hiyo, la maua mekundu, na majirani wameshaonyeshwa.

Bwana afya aliyemtangulia alikuwa amestaafu kwa heshima zote. Huyo katika miaka ishirini hakuwahi kuvuka kizingiti cha machinjioni. Alisimama mlangoni na leso puani, nyama ikaletwa kwake paja baada ya paja, naye akagonga muhuri huku akitazama mawingu. Wahitimu wote wa kilima kile, katika miji yote, walifanya hivyohivyo. Siku zao za kwanza walichungulia ndani, wakaona mambo hayafanani na slaidi, wakachagua mawingu. Nchi ikala nyama yake kwa amani.

Kosa la Asteria lilikuwa kuingia ndani.

Asubuhi ya kwanza alifunguliwa ng'ombe mwekundu. Asteria aliangalia kushoto, ini hakulikuta. Lilikuwa kulia, linang'aa, halina aibu. Akatoa daftari, akaandika: ini limehama. Akafunguliwa wa pili, naye ini limehama. Hadi saa tatu ng'ombe saba walikuwa wameshindwa mtihani, na kwa mujibu wa sheria nyama iliyokataliwa hufukiwa. Ikafukiwa. Kesho yake wakafukiwa sita.

Mji ukakosa nyama siku tisa. Vibanda vya nyama choma vikachoma ndizi. Bwana harusi mmoja wa mtaa wa Madukani alilisha wageni pilau ya dagaa, na mpaka leo shangazi wa bibi harusi hajamsamehe. Lakini aliyeumia zaidi ni Bi Mwajabu, muosha utumbo. Kwa miaka ishirini na mitano mwanamke huyu alikaa kwenye sakafu ya saruji nyuma ya machinjio, kanga kiunoni, beseni tatu mbele yake, akiosha na kuuza matumbo ya ng'ombe; na sasa utumbo wote ulikuwa ardhini. Siku ya tisa alimfuata Asteria mpaka kwenye kizingiti.

"Hebu bibi afya, nieleweshe na mimi. Ng'ombe wote hawa ni wagonjwa?"

"Wote, mama. Ini limehama."

"Limehamia wapi?"

"Kulia."

"Kutoka?"

"Kushoto."

"Na huko kushoto lilikuwa lini?"

Asteria alifungua daftari. "Mwaka wa pili," alisema, "muhula wa kwanza."

Bi Mwajabu alimtazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mtu aliyevaa viatu mguu si wake. Akageuka, akaenda zake kuosha beseni zisizo na kitu.

*

Msidhani serikali ya nchi hiyo ilikuwa imelala. Mheshimiwa Bakilana alipeleka taarifa Wizarani, na Wizara ilipoisoma ilishindwa kuficha furaha. Magonjwa yote iliyokuwa nayo ilichangia na nchi jirani. Huu ulikuwa wa kwake peke yake. Ukapewa jina, Ini Kuhama, ukapewa kitengo, magari manne, wimbo na siku yake maalumu katika mwaka. Profesa Ndimbo akateuliwa kuwa Mshauri Mkuu, akaombwa aandike mwongozo mara moja, ikiwezekana kabla ya chai ya saa kumi.

Profesa alikaa mezani akagundua kwamba juu ya Ini Kuhama hajui chochote, na hilo halikuwa kosa lake, kwa kuwa ugonjwa haukuwepo. Akafungua maelezo yake ya zamani ya darasani kwenye sura ya kimeta, akainakili neno kwa neno, na kila palipoandikwa kimeta akaandika Ini Kuhama. Hivi ndivyo ulivyozaliwa Waraka Namba Tisa. Uliagiza kwamba ini lililohama kimyakimya, bila dalili nyingine, linaweza kuliwa kwa tahadhari na uzalendo. Hiyo ilikuwa hatua ya kwanza, aliyoiongeza mwenyewe ili watu warudi kula nyama. Hatua ya nne ilikuwa mnyama kufa ghafla, damu nyeusi isiyoganda kutoka puani, tumbo kuvimba, miguu kutokakamaa. Huyo asifunguliwe, asichunwe, asiguswe.

Asteria alipousoma alizitambua kurasa zake kumi na mbili hata kabla ya kufika chini. Alishangaa kidogo. Hata hivyo watu walirudi kula nyama, vibanda vikarudi kwenye kazi yao, na yeye akarudi na muhuri wake machinjioni akiwa na jambo linalomsumbua. Alikuwa amehesabu ng'ombe sitini na mmoja. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na ini kushoto.

Alijongea nyuma, kwenye ile sakafu ya saruji.

"Mama, shikamoo. Nimekuja unifundishe."

"Marahaba. Nikufundishe mimi? Cheti sina."

"Mimi ninacho. Hakinisaidii."

Bi Mwajabu alicheka mpaka kanga ikalegea. Kisha akamsogezea kigoda na kumwambia avue saa. "Chuoni kwenu mmetumia macho ya ukutani. Hapa tunaanza na vidole. Shika."

Na Asteria akashika. Alijifunza kwamba ini zima huteleza na kujaa mkononi, na lenye minyoo hukwaruza kisu kama lina mchanga. Alijifunza bandama ilivyo nyembamba ikiwa na afya. Alijifunza kunusa, kubonyeza, kugeuza, na kukaa kimya. Wiki ya kwanza alitapika mara mbili; Bi Mwajabu alimpa maji ya tangawizi na kumwambia aendelee alipoishia.

Siku moja, mama huyo akikunja mikono ya blauzi, Asteria aliona kovu jeusi juu ya kiwiko, pana kama kisoda.

"Hiki nini, mama?"

"Hicho ni ng'ombe wa msibani. Alikufa mwenyewe, watu wakasema haramu, wengine wakasema njaa haina dini. Marehemu mume wangu akamchuna, mimi nikashika mguu. Siku ya nne tukamzika yeye. Mimi nilibaki na kidonda kisichouma, cheusi tii."

"Kimeta!" alisema Asteria, na kurasa zikamtoka zenyewe, vimelea, mbegu zake zinazokaa ardhini miaka mingi, dalili, dawa.

Bi Mwajabu alisikiliza mpaka mwisho, mikono imetulia ndani ya beseni.

"Yote hayo ulikuwa unayajua?"

"Yote."

"Dawa yake pia? Kumbe ipo?"

"Ipo, mama. Mtu akiwahi hospitali."

"Basi vitabu vyenu si vibaya," alisema Bi Mwajabu polepole. "Tatizo hamkutani na watu." Akajifuta uso kwa bega, akarudi kuosha utumbo.

Jioni hiyo Asteria alitoa ile karatasi ya kuangaza aliyomnakilia ng'ombe wa Kitivo, akaisimamisha dirishani aione vizuri. Kwa haraka aliishika upande wa nyuma. Mwanga ukapenya, na ng'ombe akageuka: ini likaenda kulia, tumbo kubwa likaenda kushoto, kila kiungo kikakaa pale vidole vyake vilipokikuta. Akaigeuza mbele. Akaigeuza nyuma. Akaelewa kwamba miaka ishirini na saba iliyopita tarishi mmoja, mtu mwenye haraka zake, alichomeka slaidi kinyume, na nchi nzima ikasoma hivyo.

Alicheka peke yake hadi mwenye nyumba akagonga ukuta. Halafu akawakumbuka ng'ombe wazima aliowafukia, na wale wenye ng'ombe waliosimama kando ya shimo bila kusema neno kwa kuwa yeye amesoma, akalia.

Akaandika barua Wizarani, fupi, yenye adabu. Jibu lilikuja baada ya miezi mitatu. Wizara ilimpongeza kwa ugunduzi wake, ikamjulisha kwamba kugeuza slaidi kunahitaji idhini ya Seneti, na kumkumbusha kwamba Ini Kuhama tayari lina magari manne na wimbo, kwa hiyo haliwezi kupona kwa wakati huu.

*

Siku ya Ini ya Taifa iliangukia wiki ya mwisho ya miezi sita ya Asteria, na ikaamuliwa ifanyike Chemchemi Kavu, palipozaliwa ugonjwa. Mheshimiwa Bakilana, mtu asiyekubali mji wake ujulikane kwa kasoro peke yake, alikuwa ameiandikia Wizara kwamba analo dume lake liitwalo Nidhamu, ambalo kwa kulelewa katika kiwanja cha serikali limebaki na ini lake kushoto. Alipoulizwa amejuaje, alijibu kwamba ameligundua kutokana na mwenendo wake. Wizara ikalitangaza kuwa Ng'ombe Sahihi wa Taifa. Siku ya sherehe lingechinjwa, Profesa Ndimbo angelifungua kwa kisu cha fedha mbele ya umma, wananchi wangeliona ini mahali pake, kisha nyama ingepikwa na kuliwa na wanafunzi elfu mbili wa shule za msingi.

Alfajiri Bi Mwajabu alikwenda na beseni zake kwa Mkurugenzi kusubiri utumbo. Saa moja alikuwa mlangoni kwa Asteria, anahema, beseni hana.

"Nidhamu kafa."

"Amechinjwa?"

"Kafa, nimekwambia! Kafa mwenyewe, kibudu! Damu inamchuruzika puani, nyeusi, haigandi. Tumbo limejaa kama ngoma. Nimelisukuma paja kwa fimbo, limelegea. Mwanangu, ni yuleyule wa msibani. Nimewaambia walinzi, wakaniuliza kama nina kadi ya mwaliko."

Asteria alivaa koti lake akikimbia.

Uwanjani bendi ilikuwa inapiga wimbo wa Ini, na sufuria kumi na nane zimeshatengwa kwenye mafiga. Watoto walikuwa wamekaa mistari kwa mistari, kila mmoja na sahani yake ya bati, wakizigonga kwa vijiko. Nidhamu alikuwa amelazwa juu ya mkokoteni, amefunikwa kitambaa cha rangi za taifa, shada la maua shingoni. Kando alisimama Mheshimiwa Bakilana, ambaye muda si mrefu alikuwa amelipangusa dume pua kwa leso yake mwenyewe ili lipendeze.

"Mheshimiwa," alinong'ona Asteria, "huyu hakuchinjwa. Amekufa."

"Amejitoa mapema," alisema Mkurugenzi. "Ni ng'ombe mwenye kujituma."

"Ni kimeta, Mheshimiwa. Akifunguliwa, watu watakufa. Watoto wale watakufa."

"Kimeta hakimo kwenye ratiba." Akafungua koti kidogo, akamwonyesha bahasha. "Hii ni barua yako ya kuthibitishwa, bado sahihi yangu tu. Kalamu ninayo. Wewe gonga muhuri wako hapo pajani, mambo yaishe. Ukitaka kelele, hawa askari watakusindikiza mpaka stendi."

Asteria aliitazama ile bahasha. Aliliona gauni la maua mekundu. Aliona pia mtoto mmoja mstari wa mbele, mwembamba, meno ya mbele hana, akiipangusa sahani yake kwa shati ili iwe tayari; Kalisti naye alikuwa hivyohivyo mbele ya chakula. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa. Akipiga kelele za kimeta wangemtoa, na nyuma yake kisu kingeingia. Ukweli mtupu usingefika hata kwenye mafiga.

Profesa Ndimbo alikuwa ameshaitwa. Alipanda na kisu cha fedha, jasho linamtiririka. Harufu ya damu humtia kizunguzungu, na kwa mara ya kwanza tangu ateuliwe alikuwa amejiuliza, je, ini lisipokuwepo? Asteria akakifikia kipaza sauti kabla yake.

"Ndugu wananchi!" alisema, na sauti yake ikamshangaza mwenyewe. "Nasimama kwa mujibu wa Waraka Namba Tisa! Ng'ombe Sahihi amepatwa na Ini Kuhama, hatua ya nne!"

Bendi ikanyamaza. Mkurugenzi akawaashiria askari. Lakini Profesa aliinua kichwa, kama mzee aliyesikia jina la mwanawe likitajwa redioni.

"Mnyama amekufa ghafla," alisoma Asteria kutoka kichwani.

"Amekufa ghafla," alisema Profesa, kisu kikishuka.

"Damu nyeusi, isiyoganda, kutoka puani."

"Tundu zote mbili," aliongeza Profesa. "Ukurasa wa tatu."

"Mnyama huyo hafunguliwi."

"Hafunguliwi!" alipaza sauti Profesa, sauti ya mtu aliyetolewa kisimani. "Hachunwi! Haguswi! Anazikwa mita mbili kwenda chini, pamoja na chokaa! Nimeandika mwenyewe!"

"Lakini huyu ndiye aliyekuwa na ini kushoto!" alifoka Mheshimiwa Bakilana.

"Ndiyo sababu, Mheshimiwa," alisema Profesa kwa upole. "Maini ya wengine yalihama zamani, kidogo kidogo. La kwake lilikuwa kushoto jana, limehama usiku mmoja. Hakuna mwili unaostahimili safari hiyo."

Mkurugenzi alifikiri. Aliona kwamba kwa hesabu hiyo barua yake ya Wizarani inabaki kweli milele, na dume lake limekuwa shahidi wa taifa. Akaanza kupiga makofi. Na Mkurugenzi akipiga makofi katika nchi hiyo, hata nzi hutua.

Nidhamu akazikwa kwa heshima za kitaifa, ndani ya kitambaa chake, na mkokoteni wake, magunia manane ya chokaa juu yake, bendi ikipiga beti zote kumi na moja. Asteria alisimamia kila koleo. Waliomgusa wakapelekwa hospitali siku hiyohiyo kwa mujibu wa ukurasa wa tano, Mheshimiwa akiwa wa kwanza, leso yake imechomwa. Alichomwa sindano siku kumi, upande wa kulia na upande wa kushoto.

Wanafunzi elfu mbili walikula wali kwa maharage wakinung'unika. Hakuna aliyekufa. Hilo halikuandikwa popote, kwa kuwa nchi hiyo haina daftari la watu wasiokufa.

Asteria alikaa nyuma ya jukwaa, kichwa amekiinamisha. Alikuwa na furaha iliyomjaa kifua, na ndani ya furaha hiyo aibu, kama jiwe ndani ya wali. Bi Mwajabu alikuja akaketi kando yake.

"Nimesema uongo mbele ya watu wote, mama. Uongo ambao mimi mwenyewe nilishaukanusha kwa barua."

"Umesema. Mungu atakuuliza," alisema Bi Mwajabu. "Lakini akikuuliza, wale watoto watakuwa wamekaa hapo na sahani zao, watakujibia."

*

Barua ilitoka na sahihi. Asteria Lumambo alithibitishwa kazini kwa uaminifu wake usioyumba kwa elimu aliyopewa. Mama yake alivaa gauni la maua mekundu kutwa nzima, akalala nalo.

Profesa Ndimbo, kabla ya kupanda gari, alimvuta pembeni. "Binti, yule dume," aliuliza kwa sauti ndogo. "Ini lake hasa, unadhani, lilikuwa upande gani?"

"Hatukumfungua, Profesa. Lakini wewe uje siku yoyote, nitakuonyesha mengine."

Profesa alitazama mawingu. Hakuja. Ila mwaka uliofuata, bila kueleza sababu, aliingiza kwenye mtaala ziara moja ya mafunzo: wanafunzi wa mwaka wa mwisho wapelekwe Chemchemi Kavu, wasimame dakika moja mbele ya kaburi la Ng'ombe Sahihi, warudi. Suala la kugeuza slaidi bado liko Seneti, kwenye kamati ndogo.

Basi huja kila Julai. Wanafunzi hushuka na makoti yao meupe, husimama dakika yao moja, huimba. Halafu Asteria huwaambia kwamba njia ya kurudi kwenye basi inapita nyuma ya machinjio, jambo ambalo si kweli, na huwafikisha kwenye ile sakafu ya saruji, ambako Bi Mwajabu amekaa na beseni zake tatu na vigoda ishirini vya kuazima.

"Vueni saa," huwaambia. "Ini liko wapi?"

"Kushoto!" huitikia wote kwa pamoja.

"Haya. Shikeni."

Ukimya unaofuata Asteria anaupenda kuliko wimbo wa taifa. Mwaka jana, baada ya ukimya huo, msichana mmoja mwenye miwani aliuliza, mikono ikiwa ndani ya damu mpaka viwiko, sasa wao kwenye mtihani waandike nini.

"Andikeni kushoto, mwanangu, mpate vyeti," alisema Bi Mwajabu. "Bila cheti hawatakuruhusu kumkagua ng'ombe. Mimi wamenikataza miaka yote."

"Na kazini?"

"Kazini muulize ng'ombe mwenyewe. Yeye chuo hakusoma, hana sababu ya kukudanganya."

Msichana aliinama tena juu ya beseni. Alishika, akageuza, akabonyeza, na hakutazama mawingu hata mara moja.